Mshale Unasema Nini? Michoro ya Modeli katika Tasnifu za Fasihi

Ni ada katika tasnifu zetu kuweka mchoro mara tu baada ya maelezo ya nadharia. Visanduku hupangwa, mishale ikavutwa huku na kule, kisha mtafiti akaendelea na safari yake. Makala haya yanashughulikia mshale tu, kwa kuwa ndipo hoja nyingi hupotelea.

Mwanafunzi wa Kiswahili huuzoea mshale katika uchanganuzi wa sentensi. Tuandikapo S → KN + KT, maana yake haibadiliki: kilicho kushoto huandikwa upya kuwa kilicho kulia. Haudai kwamba sentensi husababisha kundi nomino, wala kwamba hulitangulia kiwakati. Tatizo huanza mshale uo huo unapohamishiwa katika fasihi.

Tuchukue modeli ya A. J. Greimas, iliyotolewa mwaka 1966. Ina nafasi sita: mtumaji, lengo na mpokeaji juu, msaidizi, mtendaji na mpinzani chini. Mishale yake hufanana kwa umbo, lakini haisemi jambo moja. Utokao kwa mtendaji kuelekea lengo ni wa kutamani. Utokao kwa mtumaji, ukapitia lengo hadi kwa mpokeaji, ni wa kukabidhi. Inayomwelekea mtendaji kutoka pande mbili ni ya kuwezesha na kuzuia. Anayeinakili bila kuandika vitenzi hivyo juu ya mishale humwachia msomaji kazi ya kubahatisha. (Rangi haisaidii sana: katika nakala za fotokopi nyekundu na kijani huishia kuwa nyeusi. Mstari kamili na wa vidoti vyatosha.)

Tuijaribu modeli hii kwa utenzi wa Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Gerezani, Liyongo anatamani uhuru. Mamake, Saada na tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa vinamwezesha. Sultani wa Pate na walinzi wanamzuia. Kila mshale unasomeka kama sentensi. Katika kifo chake, hata hivyo, anayetamani ni Sultani, na msaidizi ni mwana wa Liyongo mwenyewe, sindano ya shaba mkononi. Vipindi hivi vikilundikwa katika mchoro mmoja, Sultani atakuwa mtendaji na mpinzani papo hapo, na mwana msaliti atakaa kisanduku kimoja na Saada mwaminifu. Afadhali michoro miwili midogo: nafasi zisihame, majina pekee yabadilike, ili jicho lione ni nani aliyegeuka.

Yupo atakayeshikilia kuwa mtendaji wa mauaji ni mwana, naye Sultani, aliyemwahidi kumwoza binti yake, ni mtumaji. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa anayechunguza usaliti badala ya utawala. Basi na achore hivyo, aandike "anamtuma" juu ya mshale, nasi tutajua pa kubishana naye.