Mayai ya Kutotolesha: Namna ya Kuyanunua na Kuyatunza

Katika Bugwema na vijiji vya jirani watu wengi hutamani kuzidisha kuku zao. Jambo hili ni jema, maana kuku ni mali ya nyumba isiyo na ng'ombe, na mara nyingi ndiyo mali ya pekee iliyo mkononi mwa mama. Akiuza majogoo wawili, mtoto hupata daftari na sare. Lakini wapo walionunua trei mbili za mayai kwa fedha ya akiba, wakangoja siku 21, wakapata vifaranga wachache na ugomvi mkubwa na jirani aliyewauzia. Basi yafaa tujifunze jambo hili kwa utaratibu, ili fedha isipotee na ujirani usivunjike.

1. Yai lenye mbegu

Si kila yai laweza kuwa kifaranga. Mtetea hutaga hata pasipo jogoo. Yai lake ni chakula kizuri, lakini halina mbegu. Mayai ya kisasa yauzwayo madukani, hata Musoma na Bunda, kwa kawaida hutoka kwa kuku wanaofugwa bila jogoo. Ukiyaatamisha, utapata mayai viza tu.

Kwa hiyo usinunue njiani. Nenda nyumbani kwa mfugaji, uone kuku kwa macho yako. Jogoo mmoja mwenye nguvu hutosha mitetea 8 hadi 10. Uliza kama jogoo ni wa ukoo mwingine, maana ndugu wakizaana vizazi vingi, mayai huangua vibaya na vifaranga huwa dhaifu. Tena, ukinunua mayai ya kuku chotara, kama Kuroiler au Sasso, ujue kwamba vifaranga vyake havitafanana vyote na wazazi. Vingine vitakua upesi, vingine vitachelewa. Muuzaji mwema hulisema neno hili kabla hajapokea fedha.

Chagua mayai ya ukubwa wa kati, yenye umbo zuri na ganda lisilo na ufa. Yawe safi bila kuoshwa, kwa kuwa ganda lina vitundu vidogo maelfu, na maji huondoa utando unaozuia uchafu kuingia. Yasiwe yametagwa zaidi ya siku 7 zilizopita.

2. Safari na kungoja

Yai lenye mbegu lina uhai uliolala. Joto likipita nyuzi 20 au 21 hivi, uhai huo huanza kuamka. Likipanda na kushuka mara kwa mara, mbegu huamka na kulala tena, hata ikadhoofika au kufa. Huku kwetu karibu na ziwa mchana una joto, kwa hiyo mayai yasiwekwe juani, wala chini ya bati, wala karibu na jiko. Yaweke katika bakuli juu ya mchanga wenye unyevu, ndani ya nyumba yenye kivuli, na uyaatamishe baada ya siku chache.

Ukiyabeba kwa bodaboda, yapange katika trei, ncha nyembamba ikielekea chini, na utie maranda au nguo katikati. Mtikiso mwingi huharibu kijumba cha hewa kilicho upande wa ncha nene. Ukifika, usiyatie katika joto mara moja. Yaache yatulie usiku kucha.

3. Joto, unyevu na kugeuza

Kuku wa kienyeji huatamia vema mayai 10 hadi 13. Ukitaka vifaranga wengi, waatamishe kuku kadhaa siku moja, wakati wa jioni.

Mwenye mashine na ashike haya. Mashine yenye feni huhitaji joto la nyuzi 37.5. Isiyo na feni hupimwa usawa wa juu ya mayai, nayo huhitaji nyuzi 38.5 hadi 39. Mayai hugeuzwa mara 3 au 5 kila siku hadi siku ya 18, kisha huachwa. Unyevu uwe kama 50 hadi 55 kwa mia, na siku tatu za mwisho kama 65 hadi 70. Umeme ukikatika, funga mlango wala usichungulie. Joto likizidi huua upesi kuliko baridi ya muda mfupi.

Mtu asiseme kwamba kazi hii ni ya wenye umeme tu. Huko Misri, yanakofika maji ya ziwa letu kwa njia ya Naili, watu walitotolesha mayai katika matanuri ya udongo tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hawakuwa na kipimajoto. Walilipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Mali yao ilikuwa uangalifu.

4. Kupima na kuhesabu

Siku ya 7, usiku, weka tochi kwenye ncha nene ya yai. Ukiona mishipa ya damu kama mizizi, kuna uhai. Ukiona pete ya damu, kifaranga kilianza kikafa. Huenda ni kwa safari, au kukaa sana, au joto. Yai likiwa jeupe lote, yaelekea halikuwa na mbegu.

Sasa tuhesabu. Tuseme ulinunua mayai 60. Siku ya 7 mayai 15 ni meupe, na 3 yana pete. Mwisho vifaranga 36 wakaangua. Mtu atasema, "Nimepata 60 kwa mia tu, mashine ni mbovu." Sivyo. Mayai yenye mbegu yalikuwa 45, na 36 katika 45 ni 80 kwa mia. Mashine ilifanya kazi yake. Upungufu ulikuwa katika mbegu. Lakini kama mayai 57 yangekuwa na mbegu na 30 tu yakaangua, mwenye mayai asimlaumu jirani, bali atazame joto lake na kugeuza kwake.

Kwa sababu hiyo andikeni karatasi siku ya kununua: idadi ya mayai, siku yalipotagwa, na aina ya kuku. Mpatane tangu mwanzo kwamba siku ya 7 mtapima pamoja, na mayai meupe yatafidiwa kama mlivyoagana. Hapo hesabu itakata shauri, wala si kelele.

Kifaranga akiisha kuangua, mkumbukeni mdondo. Chanjo ya I-2 ni tone moja katika jicho, nayo hurudiwa kila miezi mitatu.

Maswali ya kujipima

Kwa nini yai la dukani haliangui? Mayai yaliyotoka safarini yafanyweje? Siku gani tunaacha kugeuza? Yai jeupe na yai lenye pete ya damu yanatofautianaje? Mwalimu na ayasome haya mbele ya akina mama na vijana, na kila mmoja ajibu kwa kinywa chake.