Vitz ya sura mpya: ujue unacholipia

Ukiulizia Toyota Vitz kwenye yadi yoyote ya Dar es Salaam, utatajiwa bei mbili, moja ya sura ya zamani na nyingine ya sura mpya, na tofauti yake si ndogo. Wanunuzi wengi huilipa tofauti hiyo kwa sababu ya taa na bampa. Nasema bila kusita kwamba sura mpya inastahili bei ya juu, ila si kila mara, na sababu yenyewe haiko kwenye bampa.

Sura zote mbili ni za kizazi cha tatu, kilichotoka Japani Desemba 2010. Aprili 2014 Toyota ikakiboresha, ndipo sura mpya ikaanza, na Januari 2017 ikakigusa tena: uso, taa za nyuma, na kwa mara ya kwanza Vitz ya haibridi yenye injini ya 1.5. Mwaka 2020 jina la Vitz likaachwa huko Japani, Yaris ikashika nafasi yake.

Maboresho ya 2014 ndiyo yenye uzito kwa mnunuzi. Bodi iliongezwa nguvu kwenye maungio na springi na shokapu zikarekebishwa, kwa hiyo gari linatulia zaidi barabarani. Kubwa kuliko yote, Vitz za 1.3 zinazovutwa na magurudumu ya mbele ziliwekewa injini mpya, 1NR-FKE, badala ya 1NR-FE. Kwa vipimo vya Japani injini hiyo inakwenda kilomita 25 kwa lita. Kwenye foleni ya Mwenge hutaiona namba hiyo, lakini nafuu ya mafuta ni ya kweli. Injini ya 1.0, yaani 1KR-FE, ilibaki ileile ya silinda tatu, ikanolewa tu. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wananunua 1.0 ya sura mpya wakiamini wamepata gari jingine kabisa.

Bampa na taa hubadilishwa gereji, kwa hiyo usiuamini uso. Fungua boneti usome kibati cha utambulisho. KSP130 ni injini ya 1.0, NSP130 ni ya 1.3, NHP130 ni haibridi. Ukiona NSP130 yenye uso mpya huku injini imeandikwa 1NR-FE, simama hapo hapo udai maelezo. Mwaka wa kutengenezwa usiuchukue mdomoni mwa muuzaji, wala kwenye herufi za namba ya usajili. Namba E inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitoka kiwandani lini.

Mwaka huo una pesa ndani yake ukiwa unaagiza mwenyewe. Gari la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na likipita miaka 10 ni asilimia 30. Chukua mfano wa gari ambalo TRA imelithamini kwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha milioni 12.5, na uchakavu unakokotolewa juu ya hapo: 1,875,000 kwa kiwango cha kwanza, 3,750,000 kwa cha pili. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 juu ya tofauti hiyo, kuvuka miaka 10 kunakugharimu zaidi ya milioni 2.2. Hivyo gari jipya kidogo, hata kama bei yake ya Japani iko juu, linaweza kukufikia mkononi kwa bei ileile. Ukubwa wa injini nao unahesabiwa: 1.0 ina sentimita za ujazo 996, haitozwi ushuru wa bidhaa wa injini, wakati 1.3 hutozwa asilimia 5. Kenya hali ni nyingine, kwa kuwa gari lililozidi miaka 8 halipokelewi kabisa.

Ipi basi uchukue? Kama safari zako ni Tabata hadi Posta, watu wawili, 1.0 inakutosha na hakuna haja ya kuona aibu. Lakini ina nguvu farasi 69 tu. Ipakie watu wanne na mizigo, washa AC, ipandishe Kitonga, uone itakavyolia. Kwa familia inayokwenda mkoani kila Desemba, 1.3 yenye farasi 99 ndiyo gari, na ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue.

Kulikagua, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi, mwenzako akanyage breki, aingize D, kisha R, wewe ukitazama injini boneti ikiwa wazi. Mtetemo mdogo ni kawaida ya silinda tatu. Injini ikinyanyuka na kugonga, mauntini zimechoka. Kisha liendeshe, uongeze mwendo taratibu kutoka sifuri hadi 60. Giaboksi ya CVT nzima huvuta kwa mfululizo. Ukihisi gari linatetemeka kama limepita kwenye vijituta, liache, hata kama rangi inang'aa. Ukitengeneza giaboksi hiyo, nafuu uliyopata kwenye bei inakwisha yote.

Mengi ya sura mpya hujizima yakisimama kwenye taa na kuwaka tena ukiachia breki. Mfumo huo unataka betri yake maalumu, iliyoandikwa herufi kisha namba, kama M-42 au N-55. Nyingi zimeshafungwa betri ya kawaida kwa sababu ni rahisi, na betri hiyo haidumu kwenye kazi ya namna hiyo. Ukiikuta, ingiza gharama ya betri kwenye mazungumzo ya bei.

Tazama pia nyuma ya kioo cha dereva cha kuangalia nyuma. Kuanzia katikati ya 2015 baadhi ya Vitz zilikuja na kamera na kihisi cha leza hapo, kwa ajili ya kufunga breki zenyewe kabla ya kugonga. Hicho ni kitu cha kulipia. Ila kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, muulize fundi aliyekifunga kama kamera ilipimwa upya, na taa ya onyo kwenye dashibodi isiwe inawaka.

Ukishalichukua, usisubiri. Mwaga oili ya injini uweke 0W-20, na oili ya giaboksi iwe CVT Fluid FE, si ATF ya kwenye pipa, hata fundi akikuapia kwamba zote ni sawa.