Siku moja mjini Kisangani

Kutoka Masako hadi mji wa Kisangani ni karibu kilomita 15, kwa njia ya zamani ya Buta. Leo tumfuate msafiri mmoja aendaye peke yake kuutazama mji. Ametoka alfajiri kwa miguu. Hana rafiki wa kumwonyesha njia. Mfukoni ana fedha kidogo, na moyoni ana swali moja: kwa nini mji mkubwa namna hii ulijengwa mahali hapa?

Kwanza anafika kwenye daraja la mto Tshopo. Anasikia ngurumo ya maji. Katika miaka ya 1950 ukuta ulijengwa mtoni hapa. Maji huanguka kwa nguvu na kuzungusha mitambo, nayo mitambo hutoa umeme wa mji. Lakini daraja hili limeona mabaya pia. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini kwa siku sita. Makombora yaliangukia nyumba za watu. Mamia ya raia walikufa. Askari waligombania daraja, maana ashikaye daraja ameshika njia.

Baada ya daraja msafiri anapanda toleka, yaani baiskeli ya kubeba watu. Anapatana bei kabla ya kukaa. Mgeni asiyeuliza bei mwanzoni huambiwa bei mwishoni!

Sokoni anakula lituma, ndizi zilizopondwa, pamoja na samaki. Mama mmoja anamsalimu kwa Kiswahili, mwingine kwa Lingala. Lingala ilipanda na mto kutoka magharibi. Kiswahili kilikuja na wafanya biashara kutoka mashariki. Mmoja wao, Tippu Tip wa Zanzibar, alifanywa gavana wa mahali hapa mwaka 1887. Watu hao walinunua pembe za ndovu, lakini waliwakamata watu pia na kuwafanya watumwa.

Kisha anashuka mpaka ukingo wa mto mkubwa. Analiona kanisa kuu la Mama wa Rozari na bandari. Mashua hutoka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Hapa husimama. Kwa nini haziendelei mbele?

Msafiri anapata jibu kwa Wagenia. Huko maji yanaruka juu ya mawe kwa kishindo. Wagenia wamesimamisha miti mikubwa katika mashimo ya mwamba, wakaifunga kwa kamba za msituni. Juu ya miti hiyo wanatembea kama watu watembeao njiani. Wanatega vikapu vikubwa mfano wa pembe, na nguvu ya maji inawasukuma samaki ndani. Msafiri anatamani kupanda, lakini mzee mmoja anamzuia: “Mwanangu, usipande peke yako. Sisi tumejifunza tangu utoto. Mto haumjui mgeni.” Msafiri anatii, anatazama kutoka ukingoni.

Maporomoko haya ni ya mwisho kati ya saba ya Boyoma. Hakuna mashua iwezayo kuyapita. Kwa hiyo watu walijenga reli ng'ambo ya mto, kilomita 125 mpaka Ubundu, ikamalizika mwaka 1906. Mizigo ilishushwa kutoka mashuani, ikapakiwa katika treni. Penye kushusha mizigo pana kazi. Penye kazi watu hukaa. Na watu wakikaa wengi, mji huzaliwa.

Sasa jua linashuka. Msafiri anaanza safari ya kurudi Masako kabla ya giza, maana aliye peke yake hana wa kumngojea njiani.

Maswali
1. Maji ya mto Tshopo yanaleta faida gani mjini?
2. Kwa nini askari waligombania daraja?
3. Wagenia wanavuaje samaki?
4. Kwa nini mashua za Kinshasa husimama Kisangani?
5. Kijiji chenu kilijengwa mahali kilipo kwa sababu gani? Uliza wazee, kisha andika mistari mitano.