Kutafuta Kopo kwa Nambari Karibu na Bwera

Kila mwanafunzi wa Kasese amekwisha kuziona zile pete mbili kubwa za saruji kando ya barabara karibu na Kikorongo, zinazoonyesha mahali Ikweta inapokata njia. Wageni hushuka garini, hupigwa picha mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, kisha huenda zao. Ni wachache wanaojua kwamba jirani ya mahali hapo hupita mstari mwingine, usio na pete wala kibao, nao ni longitudo ya 30 Mashariki. Mstari huo nusura uitenge Bwera na Kasese. Tuliusomea kwa miguu, tukitafuta kopo la maziwa.

Mchezo wenyewe ulianza Marekani. Zamani serikali ya huko ilizivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake za GPS, ili raia wasipate usahihi kamili. Mwanzoni mwa Mei 2000 ikaacha. Tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer akaficha ndoo katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake, na watu wakaenda kuitafuta. Leo vyombo vya namna hiyo vimefichwa duniani kote. Sheria ni nyepesi: ukikipata, andika jina lako katika daftari lililomo, kisha urudishe kila kitu kama kilivyokuwa.

Basi Jumamosi moja ya Septemba nilitoka Bwera na vijana kumi na wawili, saa moja na nusu asubuhi, tukashuka kusini kuelekea tambarare ya Ziwa Edward. Kopo nilikuwa nimelificha siku mbili kabla, kwa ruhusa ya mzee mwenye shamba la pamba. Upande wa Kikorongo sikuutaka, kwa maana huko ni Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, yenye tembo na nyati, wala si mahali pa kutembeza watoto wa watu. Nchi tuliyoipita si jangwa la mchanga, lakini ni nyika kavu kweli. Mawingu yamekaa juu ya Rwenzori nyuma yako, na huku chini nyasi zimekauka, migunga imesimama mbalimbali, na kivuli ni cha kutafuta. Kila kijana alibeba chupa mbili za maji, na kufikia saa nne wengine walikuwa wamekwisha kumaliza ya kwanza.

Latitudo niliyowapa ilikuwa 0° 00.500′ Kaskazini. Kundi la kwanza likafika, likazunguka kichaka, likakuta kichuguu tu. Kijana mmoja akanijia mbio. "Mwalimu, kopo limeibwa!"

Halikuibwa. Walikuwa wameisoma 0.500 kama sekunde 50. Dakika moja ya latitudo ina sekunde 60, na juu ya ardhi ni kama kilomita 1.85. Nusu dakika basi ni sekunde 30, wala si 50. Zile sekunde 20 za ziada ni zaidi ya mita 600, na ndiyo maana walisimama kabla ya kufika. Waliposonga mbele wakalikuta chini ya jiwe, wakapiga kelele hata mzee wa shamba akatoka kutazama.

Tulipokwisha kula, karibu saa saba mchana, tukasimika fimbo. Kivuli chake kilikuwa kimeingia karibu chote chini ya fimbo yenyewe. Wakauliza kwa nini jua lije utosini saa saba na si saa sita. Sababu ni kwamba saa za Uganda, kama za Kenya na Tanzania, hufuata longitudo ya 45. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, nasi tuko karibu na 30. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Wakongo wa mashariki hufuata 30 yenyewe, kwa hiyo kwao ilikuwa saa sita barabara. Kila anayevuka daraja la Mpondwe kwenda sokoni anaijua tofauti hiyo ya saa, ingawa pengine hajaambiwa chanzo chake.

Hapa ndipo ilipo habari yenye uzito. Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilitangaza longitudo ya 30 kuwa mpaka wake wa mashariki upande huu. Mstari ulipigwa kwa rula mezani Ulaya, na mahali pake hasa palikuwa hapajapimwa. Latitudo huipata kwa kupima jua au nyota. Longitudo inataka saa sahihi, na saa za wasafiri wa siku zile zilipita katika joto, baridi na mitikisiko ya njia. Saa ikikosea dakika moja tu, mstari husogea kilomita 28. Bwera iko kama kilomita 25 magharibi ya longitudo ya 30. Pigeni hesabu wenyewe!

Wapimaji wa 1907 na 1908 walipokuja na vyombo bora, ilionekana kwamba ramani za zamani zimeuweka mstari pasipo pake. Kama ungefuatwa ulipo kweli, Bwera, kilele cha Margherita na ziwa la chumvi la Katwe vingekwenda Kongo. Waingereza, ambao Lugard aliwajengea ngome Katwe mwaka 1891, hawakukubali. Katika mapatano ya Brussels ya Mei 1910 mstari uliachwa, wakachagua mlima na mto. Nao mto uliwatenganisha ndugu: Wakonzo wakabaki huku, Wanande kule, na lugha yao karibu ni moja. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa kimya akasema bibi yake amezikwa ng'ambo, na kila mwaka huvuka kwenda kufyeka kaburi. Wenzake hawakucheka.

Kopo bado lipo, lina penseli na daftari lenye majina kumi na mawili. Wanafunzi wa zamani mnaopita Bwera, latitudo mnayo. Longitudo sikuiandika hapa. Aitakaye na aje shuleni aiulize, na kabla ya kuingia shambani ampigie mzee hodi.