Kuzuia Majeraha ya Nyama za Paja na Magoti kwa Wachezaji wa Soka

Katika soka la wanaume, jeraha la misuli linalotokea kwa wingi kuliko mengine ni lile la misuli ya nyuma ya paja, ambalo mashabiki huliita jeraha la nyama za paja, nalo kwa kawaida humpata mchezaji aliye katika mbio kali bila hata kuguswa na mpinzani. Sababu yake inaeleweka. Mguu unaporushwa mbele, muda mfupi kabla ya kukanyaga chini, misuli hiyo hurefuka na papo hapo hulazimika kukaza ili kuupunguzia mguu kasi, na msuli usiozoeshwa kukaza huku ukirefuka ndio ulio katika hatari kubwa ya kuchanika.

Wengi huamini kwamba kujinyoosha kabla ya mazoezi, yaani kuvuta msuli na kuushikilia hivyo kwa sekunde kadhaa, kunatosha kumkinga mchezaji. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu askari wapya 1,538 wa jeshi la Australia haukupata tofauti ya maana ya majeraha ya miguu kati ya waliojinyoosha na wasiojinyoosha. Kilicholeta matokeo ni kuuimarisha msuli katika kazi ile ile inayouumiza, na zoezi linalofanya hivyo, linalojulikana kama zoezi la Nordiki, halihitaji kifaa chochote. Mchezaji hupiga magoti, mwenzake akimshikilia vifundo vya miguu kwa uthabiti, kisha, akiwa amenyooka kuanzia magotini hadi mabegani, hujiachia kuelekea mbele polepole kadiri awezavyo, akilizuia anguko kwa misuli ya nyuma ya paja hadi inapomshinda na kujipokea kwa viganja.

Nchini Denmark, watafiti walizigawa kwa kura timu 50 zenye wachezaji 942, baadhi zikaongezewa zoezi hilo na nyingine zikaendelea na mazoezi yao ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha majeraha 15 ya nyama za paja upande wa kwanza na 52 upande wa pili. Zoezi hili likianzwa kwa pupa huleta maumivu makali ya misuli siku moja au mbili baadaye, na wachezaji wengi huliacha hapo. Kwa sababu hiyo wachezaji wa Denmark walianza na siku moja tu katika wiki ya kwanza, wakirudia mara 5 kwa mizunguko 2, na mzigo ukaongezwa kidogo kidogo kwa wiki 10, kisha wakabaki na siku moja kwa wiki.

Zoezi hilo limo pia katika programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+, yenye mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, kuruka na mizani, yanayochukua takriban dakika 20. Inawafaa hasa wasichana, ambao huchanika ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe mgumu unaozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana, kwa kuwa inawafundisha kutua baada ya kuruka bila kuacha magoti yaangukie ndani. Mjini Lagos, Nigeria, miongoni mwa vijana wa kiume 416 wa timu 20, waliotumia programu hii walipata majeraha pungufu kwa asilimia 41.

Linalosikitisha ni kwamba dawa inajulikana na haitumiwi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu klabu 50 za kulipwa za Ulaya, zenye madaktari na vifaa tele, ulikuta kwamba katika zaidi ya asilimia 80 ya misimu iliyochunguzwa zoezi la Nordiki halikufuatwa ipasavyo. Makocha wengi hulalamika kwamba dakika 20 zinakula muda wa mpira. Lalamiko hilo lina uzito, na limejibiwa: katika klabu za Australia zilizohamishia sehemu ya nguvu na mizani mwisho wa mazoezi, wachezaji waliifuata programu kwa uaminifu zaidi, na siku walizokaa nje kwa majeraha zikapungua.