Mate ya Mbwa na Mtu Asiye na Bandama

Je, mbwa mzima, aliyechanjwa, aweza kumdhuru bwana wake kwa kumlamba kidonda tu? Kwa watu wengi hatari hiyo ni ndogo mno. Kwa wachache ni jambo la kufa na kupona.

Kinywani mwa mbwa wengi huishi bakteria waitwao Capnocytophaga canimorsus. Walielezwa kwanza huko Marekani mwaka 1976, wakapewa jina hilo mwaka 1989. Mbwa mwenyewe hawamdhuru.

Bakteria hao wakiingia katika damu ya mtu, bandama huichuja damu hiyo na kusaidia kuwaangamiza. Mtu aliyeondolewa bandama hana chujio hilo. Vivyo hivyo mgonjwa wa selimundu: chembe zake nyekundu za damu, zilizopinda kama mundu, huziba mishipa midogo ya bandama, nayo husinyaa tangu utotoni. Walioharibika ini kwa ulevi nao wamo hatarini. Bakteria wakizaliana katika damu, mgonjwa aweza kufa kwa siku chache.

Basi, mbwa afukuzwe? La. Mtu wa namna hiyo asikubali kulambwa kidonda. Akiumwa, hata kidogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja homa, na amweleze daktari hali ya bandama yake. Huko atapewa viuavijasumu, na chanjo ya kichaa cha mbwa ikihitajika.

Swali: Kwa nini daktari hawezi kuipima hatari hii kwa kulitazama jeraha peke yake?