Safu, Mtandao au Kundi? Istilahi ya Vihisio vya Tetemeko la Ardhi

1.0 Utangulizi
Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko lenye ukubwa wa takribani 6.9 lilipasua ardhi huko Subukia, katika Bonde la Ufa. Tarehe 12 Agosti 2020, jingine la takribani 6.0, lililoanzia chini ya bahari nje ya pwani ya Tanzania, lilihisiwa hadi Mombasa na Nairobi. Makala haya yanadai kwamba tukieleza upimaji wa matukio haya kwa istilahi isiyo makini, tutapotosha si lugha tu bali pia kazi yenyewe.

2.0 Mjadala
Tumchukulie mwalimu wa Sangailu, Kaunti ya Garissa, ambaye wanafunzi wake wengi lugha yao ya kwanza ni Kisomali. Eneo hilo limekaa juu ya mashapo mazito ya Bonde la Lamu, na mashapo laini huweza kukuza mtikisiko. Akiwaambia kuwa hupimwa kwa "safu ya vihisio", watawaza mstari, mithili ya safu ya askari. Kumbe vihisio vilivyopangwa katika mstari ulionyooka haviwezi kupambanua wimbi litokalo kulia na litokalo kushoto, kwani mawimbi hayo huvifikia kwa mpishano uleule wa wakati.

"Mtandao" nao huashiria vituo vilivyotawanyika mbalimbali. Huko Lotung, Taiwan, mwaka 1980, kihisio 1 kiliwekwa katikati na kuzungukwa na duara 3 zenye nusu kipenyo cha mita 200, 1,000 na 2,000. Kila duara lilikuwa na vihisio 12. Jumla ni 37, vikipima kama chombo kimoja.

3.0 Pendekezo
Tunapendekeza "kundi la vihisio": vihisio vya mchapuko vilivyosambazwa pande zote za eneo dogo, vikifuata saa moja. Umbali baina yao usizidi nusu ya urefu wa wimbi. Wimbi liendalo mita 600 kwa sekunde, likitetema mara 3 kwa sekunde, lina urefu wa mita 200. Hivyo vihisio visiachane zaidi ya mita 100.

4.0 Hitimisho
Mtoto wa mfugaji wa Sangailu anajua kuwa kundi la ng'ombe huenea malishoni lakini huhesabiwa pamoja. Mwanaistilahi na aanzie katika ujuzi huo.